Vibanda vitupu langoni, majumba bila wenyewe: soko la seva yetu tulirekebishe vipi?

Mlinda_Lango, Kampala

Ndugu zangu, salaam.

Ninaendesha seva ndogo ya Luanti, ule mchezo huru wa matofali ambao hadi mwaka 2024 ulijulikana kwa jina la Minetest. Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu hapa Ntinda, na wachezaji wanaoingia kila wiki hawazidi arobaini: wengi ni wa Kampala, lipo kundi la Arua, wapo wanafunzi wachache wa Mbale, na ipo familia moja ya Tororo ambayo watoto wake watatu hucheza kwa kupokezana simu moja. Tunaandikiana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo Mlugbara, Mganda na Mgisu wanaweza kupatana bei bila mmoja wao kujiona yuko ugenini.

Nilipoanza, nilimpa kila mchezaji haki ya kuweka kibanda cha biashara karibu na lango, yaani mahali ambapo kila mtu hutokea anapoingia mchezoni, na kujenga nyumba popote apendapo, bure, eneo lake likilindwa kwa jina lake asije mwingine akalichimba. Nilidhani huo ni ukarimu. Jumapili iliyopita nilichukua daftari nikalizunguka soko zima kwa miguu, kibanda kwa kibanda. Nilihesabu vibanda 64, na vilivyokuwa na bidhaa yoyote sandukuni vilikuwa 11 tu. Kimoja kinauza makaa ya mawe kwa sarafu moja, na kilichopakana nacho ukuta kwa ukuta kinauza makaa yale yale kwa sarafu tisa, na hakuna aliyenunua kwa yeyote kati yao. Kingine kina bango lililoandikwa "Nimetoka kidogo, narudi sasa hivi". Mwenyewe hajaonekana tangu mwezi wa Machi. Nyuma ya vibanda ndipo majumba yanapoanza, mengine ya ghorofa saba zisizo na hata kitanda ndani, na mgeni anayejiunga leo hutembea takriban dakika tatu kabla ya kufika penye udongo anaoruhusiwa kuuchimba.

Ajabu ni kwamba ardhi haijaisha. Ramani ya Luanti huenda takriban matofali 31,000 kutoka katikati kuelekea kila upande, nasi tumebanana kwenye kipande ambacho mtu hukivuka kabla chai yake haijapoa.

Wachezaji wameniletea mapendekezo matatu. Wa kwanza wanataka nivunje vibanda vyote, niweke soko moja la kati: dirisha linalofunguka popote ulipo, likakuonyesha kila bidhaa, ukanunua na kupokea hapo hapo. Wengine wanataka nyumba ya mtu asiyeingia mchezoni kwa siku 30 ibomolewe na kiwanja kirudi kwa umma. Kundi la tatu, ambalo naliona lina haraka kuliko yote, linataka nifungue dunia ya pili tuanze upya. Ninalo ninalolipendelea lakini sitalitaja, kwani nikilitaja mtanijibu mimi badala ya kujibu swali. Naomba waliowahi kuendesha seva, na waliokaa muda mrefu katika ile michezo mikubwa ya mtandaoni, wanieleze walichokiona.

Fundi_wa_Kiira, Jinja

Ndugu Mlinda_Lango, umelizunguka soko lote lakini jambo moja umeliruka. Mchezaji wako akiandika amri ya kurudi langoni, je, harudishwi papo hapo, bure, hata awe chini ya mgodi wa mbali namna gani? Katika seva nyingi ndivyo ilivyo, na kwa maelezo yako sina shaka kwamba hata kwako ni hivyo. Ugonjwa umeanzia hapo. Amri hiyo imelifanya lango liwe mlangoni pa kila mtu, na pengine pote pakabaki mbali na kila mtu. Thamani yote ya ardhi ikahamia sehemu moja, nawe ukaigawa sehemu hiyo bila malipo kwa waliowahi kufika. Ukifungua dunia ya pili kwa kanuni zile zile, utapata lango la pili lenye vibanda 64 vitupu.

Hili si jambo geni. Ultima Online, mmojawapo wa ile michezo mikubwa ya mtandaoni, ilipoanza mwezi wa Septemba 1997, nyumba za wachezaji zilijengwa katika dunia ile ile ambayo wote hupita, si katika chumba cha kando cha mtu mmoja mmoja, na viwanja vilijaa hadi nafasi ya kuweka kibanda cha chini kabisa ikawa mali ya kuuziana. Mwaka 2000 waendeshaji wakaongeza nakala nzima ya pili ya ramani, iliyoitwa Trammel. Nayo ikajengwa ikajaa. Lakini mchezo huo huo una jambo ambalo ningependa ulichukue. Mwenye duka aliajiri mhudumu anayeendeshwa na kompyuta, akasimama nyumbani kwake akiuza hata mwenyewe akiwa amelala, na mhudumu huyo alikata ujira wa kila siku kulingana na bei za bidhaa alizokabidhiwa. Aliyepanga bei ya kuchekesha aliilipia kila siku ambayo bidhaa ilikaa bila mnunuzi. Yule wako wa makaa ya sarafu tisa hana sababu ya kushusha bei, kwa kuwa kukaa hapo hakumgharimu kitu.

Sasa nije kwenye soko la kati, ambalo watu hulipenda sana kabla ya kuliona likifanya kazi. RuneScape ililiweka mwezi wa Novemba 2007 kwa jina la Grand Exchange. Kabla ya hapo watu walijazana mbele ya mabenki ya Varrock na Falador, miji ya mle mchezoni, wakipaza bei zao kwa maandishi, na aliyetaka kuuza kitu adimu aliweza kumaliza jioni nzima. Sitasema lilikuwa kosa: toleo la kale la mchezo huo lilipofufuliwa mwaka 2013 halikuwa na soko hilo, na wachezaji wenyewe walipiga kura likarudishwa mwaka 2015. Ila wao ni maelfu kwa maelfu. Soko la namna hiyo hukutanisha oda ya kununua na oda ya kuuza zilizoachwa na watu wasiofahamiana. Kwa watu arobaini, oda ya kununua ngazi kumi itangoja muuza ngazi ambaye yuko shuleni Mbale hadi likizo. Utakuwa umeua vibanda, na dirisha lenyewe litakuwa tupu.

Njia ya katikati iko EVE Online, mchezo wa anga uliotengenezwa Iceland na kuzinduliwa mwaka 2003. Mle unaona bei za eneo zima ukiwa umekaa, na hata kununua ukiwa mbali unaweza, lakini mali inabaki katika kituo ilikouzwa mpaka uifuate mwenyewe au umlipe mtu akusafirishie. Kwa hiyo mahali bado pana maana. Hakuna aliyeamuru kwamba kituo cha Jita kiwe soko kuu la ulimwengu ule. Wafanyabiashara walikichagua wenyewe, kama vile hakuna aliyebandika tangazo kwamba mwenye duka la Luweero lazima ashukie Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla hapo Kampala. Anashukia Kikuubo kwa sababu mwenzake naye anashukia hapo, na nje yupo mwenye boda au lori la kumbebea mzigo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: acha vibanda, weka langoni ubao mmoja unaoonyesha nani anauza nini, kwa bei gani, kimebaki kiasi gani na kibanda kiko wapi, lakini ubao usiuze. Halafu iondoe ile amri ya kurudi bure, au uitoze. Najua utatukanwa kwa wiki mbili. Baada ya hapo utaona mtu anaanza kujenga reli.

Dada_Kitenge, Arua

Kaka Fundi ameongea kama mtu anayelitazama soko kutoka juu ya mnara. Mimi nitaongea kama mwenye kibanda, na kwa bahati mbaya kibanda changu ni miongoni mwa vile 53 ambavyo ndugu Mlinda_Lango alivikuta vitupu.

Nauza mkate, vioo na ngazi. Jumamosi jioni, bando la usiku linapoanza, navuna ngano, naoka, najaza sanduku. Jumapili kufika saa sita mchana mkate umekwisha wote, kwa sababu kila mgeni ana njaa, na vioo vipo vile vile tangu mwezi uliopita. Siku tano zinazofuata kibanda kinasimama na bango la mkate bila mkate, na anayekuja Jumanne anajifunza kwamba kwangu hakuna kitu, kwa hiyo Jumapili inayofuata hata hapiti. Si uvivu. Ni kwamba kibanda chetu kinajua kuuza tu, hakijui kununua.

Mtazameni mgeni mwenyewe. Anatoka mgodini na mafungu matatu ya chuma ghafi, kila fungu vipande 99, na mfukoni hana hata sarafu moja. Anapita mbele ya vibanda 64 vinavyomwomba sarafu, na hakuna hata kimoja kinachomwambia, "Mwanangu, lete hicho chuma nikupe mkate." Kama ningekuwa na sanduku la pili linalonunua ngano kwa niaba yangu nikiwa kazini, mgeni angepata sarafu yake ya kwanza kwangu, nami Jumatano ningeingia kwa dakika kumi tu kuoka ngano iliyokwisha kuletwa. Naomba sanduku hilo liwekewe kikomo, mfano lisinunue zaidi ya mafungu manne kwa siku, kwani hapo zamani mtu mmoja aliniletea mchanga usiku kucha akanimalizia akiba yote ya vioo.

Kuhusu ubao wa langoni naunga mkono, kwa sharti moja. Ubao usome sandukuni wenyewe, asiuandike mtu kwa mkono. Sote tunakijua kile kibanda ambacho bango lake linasema sarafu moja na sanduku linakata kumi. Mtoto wa Tororo alilizwa hapo, na mama yake akaniuliza mimi kama mchezo huu ni wa wezi.

Neno la mwisho kuhusu data. Katika Ragnarok Online, mfanyabiashara hufungua duka lake la njiani kwa kuketi, aina zisizozidi 12 za bidhaa zikiwa mbele yake, na mchezo ukiwa umewashwa muda wote. Barabara za mji wa Prontera zilijaa watu walioketi. Inapendeza kuiona, lakini kwa anayenunua bando la siku, na umeme wake ni wa leo upo kesho haupo, duka linalotaka mwenyewe awepo ni duka la matajiri. Tafadhali tusielekee huko.

Mpangaji_Masindi

Nimesoma pendekezo la kubomoa baada ya siku 30, nikaona vyema nieleze yaliyonipata, ingawa mchezo wenyewe sitautaja.

Nilikuwa na nyumba ya ghorofa mbili kando ya ziwa, niliyoijenga kwa miezi minane. Chumba cha chini kilikuwa duka, na rafu nilizipanga kwa rangi ili anayeingia aone dawa upande wa kushoto na silaha upande wa kulia bila kusoma bango. Kompyuta yangu iliungua kifaa cha umeme wakati wa dhoruba, na kupata kipuri kipya kulinichukua wiki saba. Niliporudi nilikuta kiwanja ni cha mtu mwingine, naye ameshajenga kitu kama banda la kuku. Vitu nilirudishiwa nusu, ndani ya maboksi. Barua ya onyo ilikuwa imetumwa, ndiyo, kwa anwani ambayo nisingeweza kuifungua bila kompyuta ile ile.

Kanuni ya kuhesabu siku humwadhibu asiye na umeme kwa kosa la aliyesahau mchezo. Katika Final Fantasy XIV nyumba isiyoingiwa na mwenyewe kwa siku 45 hubomolewa, na kanuni hiyo ina sababu, kwa kuwa kila mtaa una viwanja 60 tu na wanaovitaka ni wengi mno. Tangu mwezi wa Aprili 2022 viwanja vilivyo wazi hugawiwa kwa bahati nasibu, na kabla ya hapo watu walikesha wakibofya kibao cha kiwanja wasijue ni saa ngapi kitafunguliwa. Lakini hata wao walisimamisha ubomoaji mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea, kwani walitambua kwamba kutokuonekana si sawa na kuondoka. Hapa kwetu intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021. Siku tano si thelathini, nakubali, lakini ziongezee likizo ya kijijini na simu iliyopasuka kioo, utaona jinsi zinavyofika.

Ninapendekeza tutumie kitu ambacho sisi tunakijua tangu zamani, nacho ni busuulu, ile kodi ya ardhi ya Buganda. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka kikomo cha kodi ambayo mwenye mailo, yaani mmiliki wa ardhi, angeweza kumtoza mwenye kibanja, yaani mkazi wa ardhi hiyo, na ikamkinga mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Hata leo, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2010 inasema kwamba mwenye kibanja haondolewi isipokuwa kwa kutolipa busuulu ya mwaka, tena kwa amri ya mahakama. Hakuna anayeuliza kama alilala nyumbani usiku huo. Basi kila kiwanja kilicholindwa kiwe na sanduku la busuulu. Likiwa na sarafu, nyumba inasimama, hata mwenyewe awe Juba. Likiisha, ulinzi usiondoke siku hiyo hiyo; kwanza duka lifungwe, kisha liwekwe tangazo mlangoni ambalo majirani wote wanaliona, ili jirani mwema aweze kumlipia. Jirani kumlipia jirani ni jambo ambalo hesabu ya siku haitaliruhusu kamwe.

Mkaguzi_Mbarara

Hoja ya busuulu ni nzuri, lakini nadhani mmesahau kumtazama tajiri. Katika seva niliyoisimamia kwa miaka miwili, mchezaji mmoja aliyekuwa na mashamba ya kuvuna yenyewe alilipa kodi ya viwanja sita kwa kipindi ambacho nilipopiga hesabu kilikuwa miaka kumi na minne mbele. Hakuwa anavitumia. Alivishika tu, kama wale wanaozungushia ua ardhi ya barabarani wakingoja bei ipande. Kodi isiyo na kikomo cha malipo ya mbele humpa mwenye nacho hati ya milele.

Kwa hiyo wekeni kikomo: sanduku la busuulu lisipokee zaidi ya siku 90. Pili, kiwango kiongezeke kadiri unavyolikaribia lango, na kiongezeke tena kwa kila kiwanja cha ziada, ili cha kwanza kiwe karibu bure na cha nne kiwe ghali.

Najua mtasema mtu atajifanya watu wanne kwa majina manne. Atafanya hivyo, nami sina dawa kamili. Msimamizi mmoja alijaribu kuzuia kwa anwani ya intaneti, jina moja kwa kila anwani. Kwenu hilo litawafukuza wale watoto watatu wa simu moja, na pia wengi wanaotumia mtandao wa simu wenye anwani ya kushirikiana, huku mlaghai mwenye laini mbili akipita bila shida. Ni heri kuvumilia majina mawili matatu ya uongo.

Na hizo sarafu za busuulu ziende wapi? Zisiende kwako wewe msimamizi wala kwenye hazina ya mtu yeyote. Zifutwe kabisa. Guild Wars 2 hukata asilimia 15 kwa kila mauzo ya soko lake, 5 wakati wa kuweka bidhaa na 10 inapouzwa, na fedha hiyo hutoweka. Bila tundu la kutokea, sarafu huongezeka kila siku kutoka migodini, na ndipo mkate wa dada Kitenge utakapofikia sarafu mia.

Fundi_wa_Kiira, Jinja

Nakubaliana na ndugu Mkaguzi kuhusu kikomo, na nikiri kwamba nilizungumza juu ya mahali nikasahau kununua, jambo ambalo dada Kitenge amelisahihisha. Nina nyongeza moja ambayo hamjaigusa: makaa ni makaa. Katika Star Wars Galaxies, iliyofanya kazi tangu mwaka 2003 hadi ilipofungwa Desemba 2011, madini yalikuja na ubora tofauti kila baada ya muda, kisha yakatoweka, kwa hiyo silaha za mafundi wawili hazikulingana na jina la fundi likawa na uzito. Watu walisafiri sayari nyingine kumfuata fundi fulani. Kwenu kila tofali ni sawa na lingine, hivyo kinachobaki kushindania ni bei na ukaribu tu. Msiige mfumo ule, ni mzigo mkubwa kuutengeneza na kuutunza. Lakini ruhusuni vibanda kuuza kazi: kujengewa ukuta, kuchimbiwa kisima, kupelekewa mzigo. Muuza kazi hahitaji sanduku lililojaa ili kibanda chake kiwe hai.

Mlinda_Lango, Kampala

Ndugu zangu, nawashukuru. Nimesoma kila neno, na mengine nimeyasoma kwa aibu kidogo, hasa lile la ukarimu wa kugawa bure kilicho adimu.

Nilichokuwa nakipendelea, sasa naweza kukisema, ni kubomoa baada ya siku 30. Nimekiacha. Jana usiku niliangalia kumbukumbu za seva nikakuta kwamba kanuni hiyo ingebomoa nyumba tisa ambazo wenyewe walirudi baadaye, mojawapo ikiwa ya wale watoto wa Tororo, ambao simu yao ilikaa kwa fundi wiki tano.

Nitakayoyafanya ni haya, na nitayafanya kwa awamu ili nijue lipi limeleta lipi. Nimeanza na ubao. Kijana mmoja wa Mbale anayejifunza Lua, lugha ya kuandikia programu za mchezo huu, ameandika modi fupi, yaani programu ya nyongeza, inayosoma masanduku yote kila baada ya dakika tano na kuorodhesha bidhaa, bei, kiasi kilichobaki na mahali. Kibanda kitupu hakionekani kabisa. Hilo peke yake limeleta jambo ambalo sikulitarajia: ndani ya siku mbili yule wa sarafu tisa alishuka hadi mbili bila kuambiwa na mtu, maana jina lake lilisimama ubaoni chini kabisa ya jirani yake na kila mmoja akaliona. Sanduku la kununua litafuata wiki ijayo, likiwa na kikomo cha mafungu manne kwa siku kama alivyoomba dada Kitenge.

Busuulu itaanza tarehe 1 ya mwezi ujao. Kiwanja cha kwanza kilicho mbali na lango hakitatozwa chochote. Kilicho ndani ya matofali 200 kitatozwa sarafu kumi kwa wiki, kilicho kati ya hapo na matofali 600 kitatozwa mbili, na akiba haitazidi siku 90. Busuulu ikiisha, duka litafungwa kwa wiki mbili, kisha tangazo litawekwa mlangoni kwa wiki nne nyingine, na yeyote ataweza kulipa kwa niaba ya mwenyewe. Baada ya hapo vitu vyote vitahamishiwa katika ghala kwa jina lake, vyote, si nusu, na nyumba itapigwa picha kabla ya kuondolewa. Ndugu Mpangaji, hilo la picha nimeliweka kwa ajili yako.

Amri ya kurudi langoni sijaiondoa. Nitaitoza sarafu moja na kuacha ya bure kwa wageni wa wiki ya kwanza, kwa sababu mgeni aliyepotea gizani bila njia ya kurudi huzima mchezo asirudi tena. Kama sarafu moja haitoshi kuwatawanya watu, nitaipandisha. Hata hivyo vijana wawili wa Arua hawakungoja: tangu Alhamisi wanatandika reli kutoka langoni kuelekea mashariki, na wameshafika tofali la 540.

Kile kibanda cha "Nimetoka kidogo" kitasimama mpaka muda wake uishe kama vingine. Nilichungulia sandukuni mwake: mna tufaha moja.

Dada Kitenge, kando ya reli hiyo, karibu na tofali la 300, nimetenga viwanja vya vibanda na mbele yake kuna uwanda mzuri wa ngano. Namba saba ni yako ukiitaka. Busuulu yake ni sarafu mbili kwa wiki, na mwezi wa kwanza wanakulipia wale vijana wa reli, kwa sababu wanasema wamechoka kujenga wakiwa na njaa.